Uji mwepesi, tumbo dogo: jinsi ya kupima na kurekebisha nishati ya chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5

"Mtoto wangu hali." Ukikaa kliniki ya watoto asubuhi moja utalisikia hilo mara nyingi kuliko homa na mafua. Lakini ukimwangalia mtoto akilishwa, mara nyingi anakula vizuri tu: anamaliza nusu bakuli, anageuza uso, anafunga mdomo. Ameshiba. Tatizo ni kwamba kilichomshibisha ni maji.

Mtoto mdogo hushibishwa kwanza na ujazo wa chakula, kisha ndiyo mwili unahesabu nguvu iliyomo. Kwa hiyo swali la maana kwa mlezi siyo "ale vijiko vingapi" bali "kijiko kimoja kina nini ndani yake". Wataalamu wa lishe hulipima jambo hili kwa kalori zilizomo katika kila gramu ya chakula kilicho tayari kuliwa, na huliita msongamano wa nishati. Humu tutasema tu "kalori kwa gramu". (Kalori tunayoisema ni ile ile inayoandikwa kwenye pakiti kama kcal.)

Tumbo lina kipimo chake

Kadirio linalotumika ni gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, kwa mlo mmoja. Mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8 anaweza kubeba gramu 240, yaani karibu kikombe kimoja cha robo lita. Hapo ni pale ana njaa kweli na hajanyonya muda mfupi uliopita. Siku za kawaida atakula chini ya hapo.

Sasa weka mahitaji yake pembeni ya kipimo hicho. Kwa mtoto anayenyonya kiasi cha wastani, Shirika la Afya Duniani linakadiria chakula cha nyongeza kimpe takriban kalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kalori 300 miezi 9 hadi 11, na kalori 550 kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka miwili. Idadi ya milo inayopendekezwa, mara 2 hadi 3 mwanzoni, kisha mara 3 hadi 4 pamoja na asusa moja au mbili, imepigiwa hesabu kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: chakula kiwe na angalau kalori 0.8 kwa gramu. Kikiwa chini ya hapo, milo mitatu haitoshi hata akila kila mara.

Uji wa kunywa uko mbali na hapo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Ukizipika ukapata lita moja ya uji, kila gramu ina kalori 0.36. Yule mtoto wa kilo 8 akimaliza gramu 200 mara tatu kwa siku, jambo ambalo si dogo kwake, atapata kalori 216. Anahitaji 300. Hapo hujamnyima chakula, umempa akala, na bado kadi yake inaonyesha mstari umelala.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi. Maziwa ya mama yana kalori kama 0.65 hadi 0.7 kwa gramu. Uji mwepesi una nusu ya hapo. Kila kijiko cha uji huo kinachoingia kinachukua nafasi ya maziwa yenye nguvu mara mbili yake, yenye mafuta ambayo uji huo karibu hauna. Mama anayeongeza uji mwepesi kwa kudhani maziwa yake "hayamtoshi mtoto" anampunguzia.

Vijue vyakula vya jikoni kwako

Namba hizi ni za kukadiria, kwa chakula kilicho tayari kuliwa, kalori kwa kila gramu:

- Supu ya mboga au maji ya maharage: chini ya 0.3
- Boga la kuchemsha: 0.2 hadi 0.3
- Uji wa kunywa usiotiwa kitu: 0.3 hadi 0.4
- Maziwa ya ng'ombe yasiyochanganywa na maji: 0.6
- Kiazi kitamu cha kuchemsha: 0.8
- Ndizi mbivu: 0.9
- Ugali: kama 1, kutegemea mkono wa mpishi
- Ndizi za kupika zilizochemshwa: kama 1.1
- Maharage yaliyoiva, yenyewe bila mchuzi: 1.2 hadi 1.3
- Wali: 1.3
- Yai: 1.4
- Parachichi: 1.6
- Tui la kwanza la nazi: kama 2
- Chipsi: kama 3
- Biskuti: 4.5 hadi 5
- Karanga zilizosagwa: kama 6
- Mafuta ya kupikia: 9

Angalia juu kabisa. Nyumba nyingi humpa mtoto mchuzi na kumwacha bila kitu chenyewe: maji ya maharage huku maharage yakiliwa na wakubwa, supu ya samaki bila samaki, ndizi zilizolowekwa kwenye supu ya mifupa mpaka zikawa maji. Mtori mzito wenye nyama iliyopondwa ni chakula. Mtori uliozimuliwa ili upite kwenye chuchu ya chupa ni kinywaji. Na kama tundu la chuchu limepanuliwa kwa sindano ya moto ili uji upite, tatizo ni mawili: uji mwepesi, na chupa ambayo hakuna anayeweza kuisafisha ipasavyo. Tumia bakuli na kijiko.

Pima sufuria yako mwenyewe

Fanya hivi mara moja tu na utalielewa jambo hili kuliko maelezo yoyote. Unahitaji mizani ya jikoni; ukikosa, nenda na sufuria kwa mwenye duka anayepima unga.

Pima sufuria tupu na uandike uzito wake. Pima kila kinachoingia: unga, maziwa, mafuta, karanga. Maji hayana kalori, hayaandikwi. Pika kama unavyopika siku zote. Uji ukishaiva, pima sufuria na uji, toa uzito wa sufuria, umepata uzito wa uji. Jumlisha kalori za vilivyoingia: nafaka yoyote kavu kama 3.6 kwa gramu, maziwa 0.6, mafuta 9, karanga 6. Gawanya kwa uzito wa uji.

Tufanye mfano mmoja. Unga wa mahindi gramu 60, ambao ni karibu nusu kikombe cha robo lita usioshindiliwa: kalori 216. Karanga zilizosagwa kijiko kimoja cha chakula, gramu 16: kalori 96. Mafuta kijiko kimoja cha chai: kalori 40. Jumla 352. Umeweka maji mililita 400, mengine yamekauka, na uji umetoka gramu 400. Gawanya: karibu 0.88. Sasa bakuli la gramu 120 mara tatu kwa siku linampa yule mtoto wa kilo 8 kalori zaidi ya 310, na hajalazimika kula zaidi ya nusu ya anachoweza kubeba. Linganisha na gramu 600 za uji mwepesi zilizoshindwa kufika 220.

Ukiweka maziwa mililita 200 mahali pa nusu ya maji, unaongeza kalori kama 120, na uji huo huo unapanda mpaka karibu 1.2.

Asiye na mizani atumie kijiko. Chota uji, kiinamishe kijiko. Ukimwagika mara moja kama chai, ni mwepesi mno. Ukiteremka taratibu na kuacha tabaka nene mgongoni mwa kijiko, uko karibu. Kipimo hiki hudanganya kwenye uji wa kimea tu, na sababu inakuja hapa chini.

Kwa nini usiongeze unga tu

Ndiyo hatua ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria, na inafanya kazi mpaka mahali fulani. Wanga ukipikwa huvimba na kushika maji. Uji wa asilimia 10 ya unga unanyweka. Wa 15 unahitaji kijiko. Ukifika 20 umepata kitu kama ugali laini ambacho mtoto wa miezi 7 anakizungusha mdomoni, kinamgandia kwenye kaakaa, anakitema. Mama anaongeza maji ya moto ili kilainike, na mnarudi pale pale mlipoanza.

Ndiyo maana mafuta, karanga na tui vina thamani: vinaongeza nguvu bila kuongeza uzito wa uji mdomoni. Mafuta hata yanaulainisha. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bakuli la gramu 150 la uji mwepesi kinaipandisha kutoka kalori 54 hadi 94. Weka baada ya kuipua, koroga mpaka yapotee. Yakielea juu mtoto atayakataa kwa harufu. Pwani, tui zito linafanya kazi hiyo vizuri, ila liwe la kwanza. Tui la pili ni maji yenye rangi ya nazi.

Lakini usizidishe mafuta, na hapa watu wengi huteleza wakishaambiwa mafuta ni mazuri. Mafuta yana nishati, hayana madini ya chuma, zinki wala protini. Tumbo likishajaa kalori za mafuta, mtoto anaacha maini, yai na maharage ambayo ndiyo yangempa vingine. Kijiko kimoja cha chai kwa bakuli kinatosha. Viwili kwa mtoto anayepona ugonjwa, kwa wiki mbili hivi, sawa. Vitatu ni kumharishia na kumpunguzia damu kwa wakati mmoja.

Sukari usiitumie kama njia ya kuongeza nguvu. Kijiko cha chai kina kalori 16 tu, hakifikii nusu ya mafuta, na kinamfundisha mtoto kukataa uji usio mtamu. Ukitaka utamu ponda ndizi mbivu. Asali asipewe kabisa aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvizuia.

Kimea: kuula ugali kwa wepesi wa uji

Hii ndiyo njia ambayo Afrika Mashariki ilikuwa nayo kabla ya kitabu chochote cha lishe. Anayejua kutengeneza togwa anaijua tayari. Nafaka ikichipua hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa amailesi, kazi yake kuikata minyororo ya wanga ili mche upate sukari ya kukulia. Kimeng'enya hicho hicho ukikitia kwenye uji mzito kinaukata wanga uliovimba, maji yanaachiwa, na uji unalegea ndani ya dakika chache huku kalori zikibaki zote. Unapata uji wenye unga asilimia 20 hadi 25 unaomezeka. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ililifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980, na unga wa kimea ukaenezwa vijijini kama unga wa kulainishia uji wa watoto.

Ulezi, ambao Kenya wengi huuita wimbi, ndio unaofaa zaidi. Mtama unatoa kimea pia lakini machipukizi yake hubeba sumu ya sayanaidi. Anayeutumia lazima auondolee machipukizi na mizizi yote baada ya kuanika, wala asisage na mabaki. Kwa mtoto, chukua ulezi na uachane na hesabu hizo.

Kutengeneza unga wa kimea:

1. Chagua ulezi kilo 1 ambao ni wa msimu huu na haujapuliziwa dawa ya mbegu. Mbegu ya dukani ya kupanda, yenye rangi, ni sumu. Pepeta, toa mawe.
2. Osha mara tatu au mpaka maji yatoke meupe. Loweka kwenye maji safi usiku mmoja, kama saa 12.
3. Chuja. Tandaza kwenye gunia au kitambaa safi kilicholowa, kina kisizidi unene wa kidole, funika kwa kitambaa kingine cha majimaji. Weka kivulini.
4. Nyunyizia maji asubuhi na jioni na ugeuze kwa mkono safi. Siku ya pili au ya tatu utaona vichipukizi vyeupe. Vikifika karibu sentimita moja, acha. Ukiona utando wa kijani, mweusi au wa pamba, au harufu ya uvundo, tupa vyote, usijaribu kuchambua.
5. Anika juani kwa safu nyembamba mpaka ikauke kabisa, siku moja hadi mbili. Sugua kati ya viganja, mizizi inakatika, pepeta.
6. Saga bila kukaanga. Hapa ndipo kimea cha wengi hufia: wanakaanga ili kinukie vizuri, na moto unakiua kimeng'enya. Unga unabaki mtamu lakini haulegezi chochote.
7. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Saga kidogo kidogo, cha kutumia mwezi mmoja.

Kupika: unga wa kawaida gramu 100, maji mililita 500. Pika mpaka uive vizuri, dakika 15 hivi. Utakuwa mzito kiasi cha mwiko kusimama. Ipua. Subiri dakika 5 hadi 10, mvuke upungue, lakini uji uwe bado wa moto kiasi kwamba kidole hakivumilii. Nyunyiza vijiko viwili vya chai vya kusawazisha vya unga wa kimea, ambavyo ni karibu gramu 5, na ukoroge bila kuacha.

Sekunde za mwanzo hakuna kinachotokea. Halafu mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi, mistari uliyochora juu ya uji haikai tena, unajifunga. Kando ya sufuria uji unang'aa kidogo. Dakika ya tano unamiminika kutoka kwenye mwiko kama uji wa kawaida, na ukiuonja una utamu ambao hukuutia. Rudisha jikoni uchemke dakika 5. Usiruke hatua hiyo: nafaka iliyokaa na unyevu siku tatu ina vijidudu vingi, na kimea kibichi kwenye uji vuguvugu ni kuhara. Kuchemka huko pia kunasimamisha kimeng'enya.

Uji huo ukipima utakuta karibu kalori 0.75 kwa gramu. Ongeza vijiko viwili vya chai vya mafuta kwenye sufuria nzima na umefika karibu 0.9. Ndiyo maana kipimo cha kuinamisha kijiko hakifai hapa. Uji unaonekana mwepesi na ni mzito.

Haukulegea? Kwa kawaida ni moja kati ya haya: umetia kimea uji ukiwa bado unatokota, kikafa papo hapo, umesubiri mpaka umepoa mno, ulezi haukuchipua vya kutosha, au umekaangwa. Na kama bibi akisema kimea ni cha pombe, hajakosea, ndicho kinachotumika. Lakini pombe inahitaji siku za kuchacha. Kwenye uji wa dakika kumi uliochemshwa haimo.

Kuhusu unga wa lishe wa nafaka kumi

Unga wa mchanganyiko unauzwa kila mahali, na sifa yake kubwa ni idadi ya vilivyomo. Mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi zote zina kalori zinazokaribiana, kati ya 330 na 370 kwa gramu 100. Kuchanganya sita hakuongezi nishati kuliko kutumia moja. Kinachobadilisha ni soya na karanga, na hivyo viwili ndivyo vinavyohitaji uangalifu. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na tumbo la mtoto litajaa gesi. Karanga ndani ya unga huchacha mafuta yake haraka, na punje moja yenye ukungu ikishasagwa huioni tena.

Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, si jambo la kuogopesha watu bure. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuchambua kwa mkono: tupa karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu au uchungu. Saga karanga zako mwenyewe, peke yake, chache, na utie kwenye bakuli wakati wa kupika. Asipewe karanga nzima kabla ya miaka mitano, zinakaba.

Kasoro kubwa ya unga wa lishe iko kwenye mkono wa mpishi: kwa kuamini una nguvu, watu huuzimua zaidi. Vijiko vitatu vya unga wa bei ghali kwenye lita moja ya maji ni maji ya bei ghali.

Mpangilio wa siku

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anyonye kwanza, kisha ale. Mwanzo vijiko viwili vitatu, akipanda hadi nusu kikombe. Kuanzia mwaka mmoja, pindua: chakula kwanza, titi baadaye. Acha saa mbili hivi kati ya mlo na mlo bila chai, juisi wala uji wa kuzugia. Huu ndio uvujaji mkubwa katika nyumba nyingi. Mtoto anapewa kikombe cha chai ya rangi saa nne, juisi ya pakiti saa sita, na saa saba anapokataa wali na maharage anaitwa mbishi. Chai pia huzuia madini ya chuma ya maharage yasifyonzwe. Kiu ya mtoto inatosha kwa maji, kidogo, baada ya kula.

Asusa iwe na uzito: nusu ya parachichi dogo, ndizi, yai la kuchemsha, kiazi kitamu kilichopondwa na karanga. Tikiti maji ni tamu na si baya, lakini usilihesabu kama mlo.

Mboga za majani usiziondoe eti kwa sababu zina kalori chache. Kazi yake ni nyingine. Kijiko kimoja cha chakula kilichokatwa laini na kupikwa na mafuta kinatosha kwa mlo, na hayo mafuta ndiyo yanayosaidia vitamini A ifyonzwe. Nyama, maini, samaki, dagaa waliooshwa mchanga na kusagwa, na yai viwepo kila siku kwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Uzito wa uji peke yake hauleti damu.

Akiugua, toa kidogo kidogo na mara nyingi, na usizimue. Akipona muongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Hapo ndipo hula kweli.

Akishapita miaka miwili, kanuni ile ile inageuka

Baada ya mwaka wa kwanza mtoto hukua taratibu zaidi, na hamu ya kula hushuka. Wa miezi 9 anaongeza kama gramu 250 kwa mwezi. Wa mwaka na nusu karibu 200. Wazazi huiona hali hiyo kama ugonjwa na kuanza kufukuzana naye na sahani. Si ugonjwa.

Wa miaka mitatu anahitaji takriban kalori 1,200 kwa siku, na tumbo limeshakua. Sasa hatari mjini iko upande wa pili: bado anakula kwa ujazo, na gramu zile zile za biskuti zina nguvu karibu mara nne ya wali. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwapa watoto wa chekechea makaroni na jibini ya aina mbili, moja ikiwa imepunguzwa kalori kwa asilimia 30 kwa gramu. Watoto hawakufidia kwa kula zaidi vya kutosha. Nishati waliyoipata kwenye chakula hicho ilishuka kwa robo. Ukikigeuza unapata kinachotokea kwa mtoto wa chipsi na soda: anakula kiasi chake cha kawaida, hajawa mlafi, na anazidisha kila siku.

Kwa mtoto anayenenepa kupita kiasi, kwa hiyo, usimnyang'anye sahani. Badili kilichomo. Anza na matunda au kachumbari wakati njaa ni kali. Pilau ipunguzwe mafuta, iongezwe karoti na njegere. Viazi vichemshwe badala ya kukaangwa. Soda na juisi za pakiti ziondoke nyumbani kabisa. Kalori za kunywa hazishibishi, zinapita juu ya mlo bila kuupunguza. Maandazi ya asubuhi yawe moja na yai, badala ya matatu na chai.

Kwa aliyekonda, fanya kinyume: wali upikwe kwa nazi, maharage yaungwe, mtindi mzima usiotolewa mafuta, parachichi pembeni. Kwa wote wawili, mzazi achague chakula na saa. Mtoto achague kiasi. "Maliza sahani" humfundisha kupuuza tumbo lake, nalo ndilo kipimo pekee alichonacho.

Uji hautatosha

Pima uzito kila mwezi na uangalie mstari kwenye kadi ya kliniki, siyo namba ya siku moja. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo licha ya chakula kizito, tafuta sababu nyingine: minyoo, mkojo wenye maambukizi, kifua kikuu, VVU, moyo.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimnenepeshe nyumbani kwa mafuta na maziwa. Mwili uliodhoofu kiasi hicho hauwezi kupokea nishati nyingi ghafla. Chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu hospitalini aliye mahututi huanzishiwa maziwa ya F-75, yenye kalori 75 tu kwa mililita 100, akiimarika ndipo anapandishwa hadi F-100 au chakula dawa cha karanga chenye kalori zaidi ya 5 kwa gramu. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mara nyingi hupewa pakiti hizo na kurudi nyumbani. Kila pakiti ina kalori 500, ni dawa ya mtoto mmoja, na haigawanywi na ndugu zake.

Utepe ukisoma kati ya 11.5 na 12.5, mpeleke wiki hiyo, na uji mzito uanze leo jioni.